Nywele Kwenye Kamba za Mikunga

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Mvua iliyonyesha Durban usiku kucha ilikatika alfajiri, na sasa jua lilikuwa limetoka kwa ukali. Mvuke ulipanda kutoka kwenye lami ya barabara ya Umbilo. Laetitia alifagia mbele ya saluni ya mama yake kama alivyofanya kila Jumamosi, akapanga viti, akabandika birika la chai, kisha akavaa mabuti yake ya mpira.

"Unaenda tena kwa samaki wako?" aliuliza Mama Marcelline. Mikono yake ilikuwa tayari kichwani mwa mteja wa kwanza, Mama Sonia.

"Si samaki wangu, Mama. Ni wa mto."

"Aa, wa mto. Na zile sahani za jana ni za nani?"

Mama Sonia akacheka mpaka kichwa kikatikisika.

"Tulia, la sivyo nitakusuka msuko wa kwenda kombo," Mama Marcelline alimwambia. Kisha akamgeukia binti yake. "Nenda, ma chérie, mpenzi wangu. Lakini tuombe kwanza."

Walifumba macho wote watatu, kitana kikiwa kimechomekwa katika nywele za Mama Sonia. Mama Marcelline aliiombea siku ile, akawaombea wateja wake, akawaombea na ndugu waliobaki Kongo. Laetitia alisema amina na kutoka mbio.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alipenda sana kikundi cha kurudisha uhai wa Mto Umbilo. Kando ya mto huo ziliishi familia za Wazulu ambazo mababu zao walivua mikunga pale, samaki warefu kama nyoka. Mikunga huzaliwa mbali baharini. Wakiwa wadogo, wembamba kuliko kalamu, huingia mtoni na kupanda kwenda juu, wakue huko kwa miaka mingi kabla ya kurudi baharini kuzaa. Lakini watu walijenga ukuta wa zege kukatisha mto, na maji yakachafuka. Mikunga wadogo walifika chini ya ukuta wakashindwa kupita. Mwishowe walioishi upande wa juu wa ukuta hawakuwaona tena.

Baba Ephraim Cele, mmoja wa wakazi hao, hakukubali hali hiyo. Yeye na majirani zake walishirikiana na Dada Jedidah, Mkenya aliyekuwa akisomea mambo ya samaki chuoni. Walikaa pamoja, wakashauriana, wakatundika kamba nene za makumbi ya nazi kutoka juu ya ukuta mpaka chini. Maji yalichuruzika kwenye kamba, na mikunga wadogo walijinyonganyonga juu yake mpaka wakavuka. Kila jioni Baba Cele alizipitia kwa mikono na kutoa uchafu. Kikundi kilimkabidhi ufunguo wa geti la ukutani, naye aliuvaa shingoni kama mwingine avaavyo msalaba.

Laetitia alipofika, aliwakuta wenzake wamekusanyika mbele ya ukuta. Kamba hazikuonekana. Zilikuwa zimefunikwa na mafundo ya nywele nyeusi na za rangi ya zambarau, na ndani ya mafundo yale mikunga wadogo walikuwa wamenasa. Baadhi yao walikuwa wamekaushwa na jua.

"Eish!" alisema Travis, mvulana wa darasa lake. "Kamba zimeota nywele! Laeti, zipeleke kwa mama yako zikasukwe."

Wengine walicheka kidogo. Laetitia hakucheka. Alizitambua zile nywele za zambarau. Zilifumuliwa jana yake kutoka kichwani mwa mteja aliyejiandaa kwa harusi ya dada yake.

"Baba," Dada Jedidah alimwambia Baba Cele kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, lugha ambayo watoto wote waliielewa. "Jana jioni ulisafisha kamba?"

"Nilisafisha, mwanangu."

"Nywele zote hizi zije kwa usiku mmoja?"

"Sijui zimetoka wapi. Ninachojua ni kwamba mikono yangu ilipita hapa."

Dada Jedidah alikuwa na machozi machoni. Alikuwa amewangoja mikunga hao tangu mvua za kwanza. "Samahani, Baba. Wenzetu wa kikundi wanakuja sasa hivi, na watauliza kwa nini tumekuachia kazi hii peke yako. Labda umechoka. Nadhani ni afadhali ufunguo apewe mtu mwingine."

Baba Cele hakubishana. Aliinamisha kichwa, akaanza kuivua kamba ya ufunguo shingoni.

Laetitia alijua nywele zile zimefikaje mtoni. Wateja wengi wa saluni waliogopa nywele zao zisije zikaokotwa na mtu mwenye nia mbaya akawaroga, kwa hiyo hawakutaka zitupwe kwenye pipa la taka. Walimpenda Mama Marcelline kwa sababu aliwahakikishia kuwa hakuna hata unywele mmoja utakaobaki. Kila Ijumaa jioni alimpa Laetitia mfuko na kumwambia, "Peleka kwenye maji yanayotembea. Na usimwambie mtu. Iko siri ya wateja."

Laetitia alizoea kumwaga nywele kwenye daraja la chini, mto ulipokaribia bandari. Jana yake mifuko ilikuwa miwili, na wingu la mvua lilikuwa limetanda. Akafupisha njia na kumwaga kwenye daraja la juu, kabla mto haujafika ukutani. Hakuona kwamba anachafua mto. Kwake taka zilikuwa chupa na plastiki, vitu alivyoviokota kila Jumamosi. Nywele hakuwahi kuziita taka. Nywele zilikuwa za watu.

"Ee Mungu," aliomba moyoni, "mtu mwingine aseme jambo."

Hakuna aliyesema. Ufunguo ulikuwa umeshafika kwenye kiganja cha Baba Cele, na kiganja kilikuwa kinanyooshwa.

"Si yeye!" Laetitia alipaza sauti. "Ni mimi. Nilimwaga nywele za saluni jana jioni, pale darajani."

Travis akaangalia mabuti yake.

"Wewe?" aliuliza Dada Jedidah. "Wewe unayetufokea tukiangusha hata ganda la pipi?"

Laetitia alieleza yote huku akilia, jinsi wateja walivyoogopa, mama alivyoahidi, na wingu lilivyomkimbiza. Alingoja Baba Cele agombe. Badala yake mzee yule alichuchumaa mbele yake.

"Mama yangu naye hakuacha nywele ovyo," alisema. "Alichimba shimo, akazifukia. Nimeelewa mlichoogopa, mtoto wangu. Lakini mto huu hauondoi kitu. Unakipeleka kwa jirani tu."

Dada Jedidah alimshika Baba Cele mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, Baba. Nimekuhukumu kabla ya kutafuta ukweli." Akavikunja vidole vya mzee juu ya ufunguo, ukabaki kwa mwenyewe.

"Angalieni!" Travis aliita akiwa karibu na ukuta. "Hawa wa ndani wanacheza! Wako hai!"

Wote wakakimbilia kamba. Chini ya tabaka la juu lililokauka, nywele zilikuwa bado zimeloa, na mikunga wengi walikuwa wakijinyonga humo. Travis alivuta fundo moja kwa nguvu.

"Usivute!" Laetitia alimzuia. "Utawakata. Fumua kama unafumua rasta. Anza mwishoni, panda polepole."

Tangu akiwa mdogo alikuwa amewasaidia wateja kufumua nywele, na vidole vyake vilijua kazi hiyo. Alifumua, akatenganisha, akamwachia mkunga mmoja kwenye ndoo ya maji, kisha mwingine. Aliwaonyesha wenzake, na hata Baba Cele alijifunza kutoka kwake.

Ndoo ilipojaa, Laetitia alijipangusa uso. "Naomba nikamwite Mama," alisema. "Anapaswa kujua kutoka kwangu."

Haukupita muda mrefu, Mama Marcelline akaja akikimbia na aproni yake ya saluni. Nyuma yake alikuja Mama Sonia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama moshi.

"Usinicheke wewe," Mama Sonia alimwambia Travis. "Siwezi kubaki peke yangu saluni na kichwa cha nusu."

Mama Marcelline alitazama kamba, akatazama mikunga waliokufa wakiwa wamepangwa juu ya jani. Alifunika mdomo kwa mkono. "Yesu wangu. Na mimi ndiye niliyemtuma mtoto." Akamgeukia Baba Cele. "Baba, unisamehe. Wewe ndiye uliyekuwa karibu kubeba kosa letu. Lakini nifanyeje? Nikiweka nywele kwenye pipa, wateja watakimbia."

"Kwangu pana bustani," alisema Baba Cele. "Leteni nywele za watu, nizifukie chini ya mboga. Mwenye nywele akitaka, aje aone kwa macho yake. Zile za bandia, za plastiki, hazifai kwa udongo. Hizo zifungeni vizuri, ziende na gari la taka."

Mama Sonia aliwaza kidogo. "Chini ya mboga, na nione mwenyewe? Mimi nakubali. Nitawaambia na wengine."

Mama Marcelline aliachia pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Alimkumbatia binti yake, naye Laetitia akahisi mabega yake yamekuwa mepesi.

Wakabeba ndoo mpaka juu ya ukuta. Baba Cele alifungua geti kwa ufunguo wake, na Laetitia akaiinamisha ndoo polepole kwenye maji tulivu. Mikunga wadogo walitoka kama nyuzi, wakatulia kidogo, kisha wakaelekea juu, wakapotea kwenye majani.

"Sikilizeni, watoto," alisema Dada Jedidah. "Leo tumepoteza mikunga kadhaa, na hao hatutawarudisha. Lakini mwenzenu alisema ukweli wakati ulipokuwa mgumu kusemwa, ndipo tukapata nafasi ya kuwaokoa hawa, na mimi nikaepuka kumdhulumu mtu mwema. Kosa likifichwa linaendelea kuumiza. Likisemwa, watu wanaweza kulirekebisha pamoja. Hata mimi nimejifunza, niulize vizuri kabla ya kulaumu."

"Amina," alisema Mama Marcelline. Kisha akamnong'oneza Laetitia maneno ya ahadi, akamsogeza mbele. "Sema sasa, ma chérie. Tuseme pamoja, hawa wote wasikie."

Laetitia alimtazama Baba Cele, akamtazama Dada Jedidah, Travis na Mama Sonia. Alishika mkono wa mama yake, na wote wawili wakasema kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, hatutatupa tena kitu chochote katika mto huu, wala hatutanyamaza mtu mwingine akilaumiwa kwa kosa letu."