Kamba ya Ngazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cherehani alimsafishia baba yake brashi za rangi kwa mafuta ya taa. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ulimi wake ulikimbia bila kupumzika. Wiki ile hapakuwa na brashi za kusafisha, na Cherehani mwenyewe alikuwa kimya kama maji mtungini. Baba yake, fundi rangi, alikuwa kitandani, mguu umevunjika na kufungwa plasta. Alikuwa ameanguka na ngazi akipaka ukuta wa kanisa.

Baba hakuwa mtu wa kupanda ngazi kabla ya kuifunga kwa kamba. Asubuhi ya siku ile aliitafuta kamba, akaikosa. Alimwuliza binti yake, naye akajibu, "Sijui, baba." Kumbe ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alitaka kwenda kuiruka na wenzake. Tangu siku ile alitembea nayo kila mahali, akiogopa ikibaki nyumbani itaonekana.

Jumapili, mzee wa kanisa aliyefundisha watoto alisimama mbele yao.

"Mmeona?" alisema. "Fundi anapaka nyumba ya Mungu, lakini haingii kusali. Mungu amemhukumu. Jumapili ijayo ataletwa mbele ya kanisa aungame dhambi yake."

Watoto wote walimgeukia Cherehani. Damu ikamchemka. Baba yake aungame nini, na kwa kosa la nani?

"Si kweli!" alisema, akasimama.

"Keti chini."

"Siketi, mwalimu."

"Mtoto wewe! Unabishana na Mungu?"

"Na Mungu sibishani. Nabishana na wewe."

Cherehani alijua kwamba ili amtetee baba yake ilimbidi ajitaje. Mkono wake uliingia mkobani, ukatoka na kamba, ukaitupa mezani.

"Kama ni dhambi, hii hapa, na ni yangu! Nilichukua kamba ya ngazi, kisha nikadanganya. Mungu anajua nyumba yetu, na mguu wangu anaujua. Kwa nini avunje wa baba?"

Mchungaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaichukua ile kamba. "Twendeni kwa fundi," alisema. "Na wewe pia, mzee."

Walipofika, mchungaji aliiweka kamba kitandani mbele ya baba.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, baba, nikakudanganya. Nisamehe."

"Umeniumiza sana, mwanangu. Nimekusamehe. Na mimi nilijua ngazi haijafungwa, nikapanda kwa haraka zangu."

Mzee wa kanisa alikohoa. "Fundi, nilikusema vibaya mbele ya watoto. Nami naomba radhi."

"Utaiomba mbele ya watoto haohao," alidakia Cherehani.

"We mtoto!" baba alifoka, lakini mchungaji aliinua mkono.

"Amesema kweli," alisema. "Sikiliza, binti. Dhambi ipo, na hukumu ya Mungu ipo. Siku moja kila mmoja wetu atajibu kwa yake. Lakini hatukupewa kazi ya kumtangazia jirani hukumu kila anapoanguka. Kazi tuliyopewa ni hii uliyoifanya leo: kusema 'ni mimi', kisha kutengeneza tulichoharibu. Ungeifanya mapema, ungelala vizuri wiki nzima."

Miezi mitatu baadaye, baba alirudi kwenye ukuta uleule. Mzee wa kanisa, ambaye tayari alikuwa amemwomba fundi radhi mbele ya watoto wote, alijitolea kufunga kamba.

"Panda, fundi, imekaza!" aliita.

"Subiri, baba," alisema Cherehani. Akainama, akalifungua fundo la mzee, akalifunga upya mwenyewe.