Chumvi kwenye Sinia la Jini

Msinione mbea, lakini mambo ya nyumba ya Bi Adila wa Mlingotini yalianza na chai. Asubuhi moja mkwewe Fatu, mke wa mwanawe Mikdad, alijitilia vijiko viwili vya chumvi akidhani sukari, akakoroga, akanywa kikombe chote. Uso haukukunjika hata kidogo.

"Chai imekaaje?" Bi Adila akamuuliza.

"Nzuri, mama."

Bi Adila akatazama kopo, akatazama kikombe, moyo ukampiga paa. Msije mkamwonea huruma mapema. Tangu siku ile ya kwanza alijua.

Wiki moja nyuma walikuwa wametoa sinia. Kwao Fatu kuna jini wa ukoo, aliyerithiwa tangu kwa bibi, na kila mwaka hupikiwa wali wa nazi na kuku mweupe, bila chumvi. Anayepika haonji. Bi Adila alijitolea mwenyewe, na nani angemkatalia mpishi aliyepikia harusi za kijiji miaka thelathini? Tatizo lilikuwa mkono. Ulichota mchuzi, ukadondosha kiganjani, ulimi ukalamba, ukaona chakula kimepooza. Akili ilipofika jikoni, chumvi ilikuwa imeshaingia. Angesema palepale wangepika kingine, basi, yakaisha. Lakini aibu jamani, mpishi mzima kama yeye! Akafunika sinia, akanyamaza.

Baada ya chai ile, Fatu aliipua sufuria kwa mikono mitupu, vidole vikababuka, naye anaendelea kuzungumza habari za mwani wake kule ufukweni. Ijumaa hakusikia adhana. Chumbani kwake kukaanza kunukia asumini, na katika ua ule hakuna hata mche mmoja wa asumini.

"Mama, yuko tena," Fatu alikuwa akinong'ona, macho yamemtoka. "Harufu yake hiyo."

Bi Adila alimfunga vidole vile kitambaa kila asubuhi. Alitaka kusema. Alifungua mdomo mara ngapi sijui, akaishia kusema, "Pole, mwanangu."

Mikdad, anayefanya kazi Msata, alileta mganga, Bi Hija. Mwanamke huyo alimshika Fatu kichwa, akakunja pua.

"Huyu jini kaudhiwa kwenye chakula. Nani alipika?"

"Tulipika wengi," akasema Bi Adila.

Alasiri Bi Hija akatoka uani na Mikdad kuwasha makaa ya kufukizia. Bi Adila akabaki peke yake na mgonjwa, jua linawaka dirishani, kuku wanaparua nje, na ndipo asumini ile ikaja kwa nguvu mpaka ikawa kama kitambaa chenye maji puani mwake, na Fatu, ambaye siku tatu alikuwa hasikii kitu, akageuza shingo polepole na kumtazama kwa macho ambayo hayakuwa ya Fatu, akazungumza kwa sauti ya kiume, ya chini, ya upole kabisa.

"Mpishi. Huyu nimeshamchukulia ulimi, ngozi na masikio. Yamebaki macho na pua. Nawe unavyo vyote vitano."

"Nisamehe," Bi Adila akanong'ona.

"Nipe kimoja, uchague mwenyewe. Nitamrudishia vyake vyote."

Akachagua, na jinsi alivyochagua ndiyo iliyompa hatia kubwa kuliko ya chumvi, kwa sababu hakuuliza kipi kilikosa, aliuliza kipi hatakililia: macho hapana, atawaonaje wajukuu, masikio hapana, watu watamsengenya mbele yake, ngozi hapana, ataungua, ulimi, ulimi ndio uliolamba, ulimi ndio uliodanganya, na haki ilikuwa utoke ulimi, lakini bila ulimi nani atamwita tena mpishi, basi akaurudisha mdomoni na kuubana kwa meno.

"Chukua pua," akasema.

"Ndicho unachokipenda kidogo kuliko vyote?"

"Ndicho."

"Haya. Nimepokea."

Asumini ikakatika ghafla. Bi Hija aliporudi na chetezo alimkuta Fatu anapuliza vidole, analia kwamba vinauma, na hakuna kilio kilichowahi kufurahiwa namna ile. Mikdad akambusu mama yake mikono kwa kumuuguza mkewe. Mama mtu akaitazama ile mikono, akatamani ardhi immeze.

Siku nne baadaye, mchana, Fatu alimletea nguo zilizoanuliwa. Akafika mlangoni akasimama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Amekuja kwako?"

"Nani?"

"Humu ndani asumini imejaa tele. Huipati?"

Bi Adila akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakupata kitu. Akageuka nyuma, akatazama chini ya kitanda, akatazama kona zote, asijue yuko upande gani, wala amekaa naye tangu lini.

"Mama, niambie kweli, sitakukasirikia. Lile sinia ulilionja?"

Huruma ilikuwa imejaa machoni mwa yule binti. Neno moja tu lingetosha.

"Hapana," Bi Adila akasema.

Fatu akarudi nyuma hatua moja, akafunika pua kwa ncha ya kanga.