Alimpanda Farasi Wangu Mgonjwa Kwenda Kuoa

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, naishi Kunduchi, na hadi leo nikisikia harufu ya udi natamani kutapika...

Marehemu baba aliniachia farasi jike, Zuhura. Hoteli za ufukweni zilipoanza kujaa wageni, watoto wao walimpanda kwa malipo. Zuhura ndiye aliyenilisha mimi na mume wangu, Salum, ambaye kazi yake ilikuwa mdomo tu.

Siku moja Zuhura akaumia kano ya mguu wa nyuma. Mguu ulivimba, akawa anatetemeka, majani hagusi. Nililia naye bandani! Daktari wa mifugo akamdunga mofini kwenye uti wa mgongo, karibu na mkia. Jioni ile ile akala!

Lakini daktari alituonya sote wawili: "Hapa tumetuliza maumivu tu, mguu bado mbovu. Asitoke bandani, maana hata akijiumiza hatasikia." Salum aliitikia kwa kichwa, tena kwa adabu.

Kesho yake nilikwenda Ubungo kufuata pumba. Kurudi, banda tupu! Jirani yangu akaniambia, macho chini, kwamba bwana harusi amepita juu ya Zuhura, ngoma nyuma, kuelekea Mtongani. Bwana harusi gani? Akaokota ndoo yake, akaingia ndani...

Nilikimbia kama mwendawazimu. Nilimkuta Zuhura nje ya nyumba ya watu, asumini shingoni, mguu umevunjika, kwato inaning'inia. Hakulia. Alinitazama tu!

Na Salum? Yuko ndani, udi unafuka, amevaa kanzu niliyomshonea kwa Idi, anakula pilau la harusi yake! Nilipomwita alitoka analamba vidole.

"Mwenzangu, usinitie aibu mbele ya wakwe," akaninong'oneza. "Mbona katembea vizuri tu? Hata kulia hajalia."

Jamani, huyu ni mtu? Mke wa pili dini imemruhusu, sikatai. Lakini onyo la daktari alilisikia kwa masikio yake, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kujionyesha kwa wakwe! Daktari alipofika hakuwa na la kufanya ila kummaliza Zuhura pale pale. Wageni walisogeza mikeka, wakaendelea kula... Mungu wangu!

Talaka yangu niliidai, nikaipata. Bado anatuma watu kuniomba radhi. Nikiwaona tu, nafunga mlango.

Dada zangu, nawasihi, mtazameni mwanamume anavyomtendea asiyeweza kumshitaki. Ukiona hana huruma naye, beba khanga zako uondoke mapema, wakati bado unasikia maumivu.