Kuku wa Kutangulizwa Shimoni

Haya yalimpata rafiki yangu Nabwile wa Chwele, na hajawahi kuyasimulia bila kutazama viganja vyake.

Mumewe Levi alijenga mtambo wa gesi ya kupikia, wa samadi, nyuma ya zizi. Kila kabla ya kushuka kusafisha shimo lake, alikuwa akitanguliza kuku ndani ya kikapu. Kuku akinyamaza, hashuki mtu. Siku moja harufu ya mayai viza ilikatika ghafla. "Imeisha, Mama Joy," akamwambia mkewe, akashuka bila kuku. Hakujua kwamba hewa ile huanza kwa kuua pua, mtu asisikie harufu tena. Nabwile alishika kamba aliyojifunga Levi kiunoni, akingoja ivutwe mara tatu, ishara yao ya kumpandisha. Haikuvutwa. Alimvuta mwenyewe, Levi akiwa maiti.

Mwaka uliofuata gesi iligoma. Shemejiye Hillary akatoka Kitale kuja kuzibua.

"Si hakuna harufu, shemeji? Wacha nishuke mara moja."

"Kuku kwanza," Nabwile akasema.

Aliteremsha kikapu gizani kwa kamba. Kuku alilia, akalia tena kwa mbali, akanyamaza. Ikabaki sauti ya tope likitoa mapovu.

"Amekufa, bana," Hillary akanong'ona, akirudi nyuma. "Mtoe."

Kabla Nabwile hajavuta, kamba ilivutwa kutoka chini. Polepole. Mara tatu.

Alivuta akilia, Hillary akimsaidia, na kamba ilikuwa nzito kama siku ile. Kikapu kilipofika juani, ndani mlikuwa na kuku tu, amekufa.