Hodi ya Tatu

Rafiki yangu Muema si mtu wa porojo, ndiyo maana jambo hili halinitoki. Jumapili moja mchana alitumwa peke yake Parramatta, huko ughaibuni anakofanya kazi, kwenye chumba cha mitambo chini ya ofisi fulani, akafufue mtambo mkuukuu wa kuhifadhia data. Tangu Ijumaa hakuna aliyekuwa amemsemesha. Alitengeneza waya wa kuunganisha laptop yake na mtambo huo, akaketi sakafuni. Taa za pale huzima zenyewe mtu akitulia, nazo zikazima. Zikabaki feni zikivuma gizani.

Kila akijaribu waya mpya, Muema huandika "hodi" kwenye laptop, aone kama mtambo utaitikia. Akaandika. Kimya. Akaandika tena. Kimya.

"Nikajua nyaya za ndani ya ule waya nimezipachika vibaya," aliniambia.

Akabisha mara ya tatu na ya mwisho, kama tulivyolelewa: ukikosa jibu hapo, unaondoka.

Skrini ikaandika: "Karibu. Mbona umekawia?"

Muema alicheka kwa furaha, jinsi alivyokuwa na kiu ya Kiswahili. Kisha akaufuata waya kwa vidole, polepole, hadi ncha ya pili. Ilikuwa sakafuni, haijachomekwa popote, na ilikuwa na joto la mkono.