Maziwa ya Kusafisha Kifua

Haya yalimpata rafiki yangu Nathanaeli wa Ihanda, na alinisimulia mwenyewe huku akihema.

Miaka mitatu alifagia makontena ya mawe ya madini kwenye yadi moja pale Tunduma. Kazi alitafutiwa na shemeji yake Fanuel, msimamizi wa yadi. Kila jioni Fanuel alimpa pakiti ya maziwa.

“Kunywa, shemeji, yanasafisha kifua. Hilo ni vumbi la mawe tu.”

Nathanaeli alikunywa na kushukuru. Hakuwahi kujiuliza kwa nini Fanuel mwenyewe haingii kontenani.

Kikohozi kilipomzidi, aliacha kazi. Jumanne moja akaenda kurudisha buti za yadi. Ndani ya kontena, gizani, akamkuta mtaalamu mgeni na kipimo kidogo cha mionzi, kile kinacholia kikiikuta. Kontena lilikuwa limeoshwa, na kipimo kilikuwa kimya.

Nathanaeli akaingia, akakohoa.

Kipimo kikaanza kulia, ta, ta, ta, kama bisi zikipasuka sufuriani. Mtaalamu akakisogeza kwenye buti. Kimya. Akakisogeza kifuani pa Nathanaeli, sauti zikafuatana bila nafasi.

Nathanaeli akageukia mlangoni. Fanuel alikuwa amesimama mbali kabisa, ameziba pua kwa leso.

“Shemeji, ulijua?”

“Si nilikuwa nakupa maziwa?”

Mtaalamu akazima kipimo. Akatoa na betri.

Ta, ta, ta.

Nathanaeli akabana pumzi. Kukawa kimya. Alipopumua, sauti ikaanza tena.