Kiboko Aliyelala Shavuni mwa Sumaya

Alasiri, mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa ukigonga vyuma gerejini. Bibi Sikuzani alikanda unga wa maandazi. Mjukuu wake Sumaya alisinzia mkekani, shavu moja limejaa.

"Bibi, nimeota tena. Kiboko ametoka ziwani, amelala mu shavu yangu. Anakula tu."

"Mwambie aoshe sahani," alisema Bibi. Lakini hakucheka. Wiki iliyopita shavu lile lilikuwa dogo.

Hamimu, baba wa Sumaya, fundi wa magari, aliingia na koleo. Jino moja la Sumaya alikwisha kuling'oa. Sasa la pili lilitikisika.

"Fungua kinywa, mama," alimbembeleza binti yake.

"We Hamimu, mutoto si Peugeot!" alifoka Bibi.

Muuguzi Léoncie, jirani yao, alikuwa amekuja kununua maandazi. Aliligusa shavu polepole.

"Baba Sumaya, weka koleo. Hii si jino. Ni uvimbe, ndiyo unalegeza meno. Inaweza kuwa saratani yenye wanaita limfoma. Inakua haraka sana. Kesho twende hospitali."

"Bunduki zinalia kule milimani, dada. Tungoje itulie," alisema Hamimu.

"Itatulia lini? Miaka yote hii tunangoja. Uvimbe haingoje."

Bibi aliuliza kwa sauti ndogo, "Kitu chenye kukua hivyo, kina dawa kweli?"

"Iko, bibi. Chembe za uvimbe zinajigawa, moja inakuwa mbili. Dawa inazikamata mu kazi hiyo. Zenye kujigawa mbiombio, ndizo zinakamatwa nyingi. Tukiwahi, mutoto anaweza kupona. Tukichelewa, zinaenea mwilini."

Bibi alitazama unga wake. Ulikuwa umeumuka, unainua kitambaa taratibu, kama mtu anayepumua usingizini.

Kesho yake walikwenda. Daktari alipima kipande cha uvimbe: ilikuwa limfoma. Sumaya akaanza sindano za dawa ile. Alitapika. Nywele zilinyonyoka. Lakini baada ya siku chache shavu lilianza kunywea.

"Imeisha! Turudi nyumbani," alisema Hamimu.

"Apana," alijibu Léoncie. "Zimebaki zenye hatuoni. Amalize sindano zote."

Bibi akadakia, "Injini ikinguruma mara moja tu, unamurudishia mutu gari yake?"

Hamimu akaketi tena. Wakabaki mpaka sindano ya mwisho.

Miezi ikapita. Daktari alipima tena, hakuona uvimbe. Sumaya alirudi mkekani, kichwa kimeota nywele laini.

"Bibi, nimeota kiboko anarudi ziwani."

"Hata hakuaga?"

"Apana."

"Hana adabu," alisema Bibi, akampa andazi la moto.

Sumaya alilitafuna kwa mashavu yote mawili.